PORI LINA MWENYEWE
Mafunzo ya usasi wa Waacholi na urithi wa watoto wa Namuwongo

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Maneno hayo ni mepesi kuyatamka, lakini ni mazito kwa mtu aliyehama kwao na mtoto mgongoni, akajikuta mjini ambako hakuna kilima wala kijito kinachoitwa kwa jina alilofunzwa na baba yake. Leo twapenda kuyapima maneno hayo katika mtaa mmoja wa jiji letu la Kampala, mtaa ambao wanajeshi na polisi wengi wanaufahamu vema, ama kwa kuwa wamepiga doria humo, ama kwa kuwa wana ndugu zao humo. Mtaa huo ni Namuwongo.

Namuwongo umo katika tarafa ya Makindye, kusini-mashariki ya katikati ya jiji. Upande mmoja yako majengo ya viwanda. Upande wa pili kimesimama kilima cha Muyenga na majumba yake makubwa. Katikati, bondeni, inapita reli, na mfereji wa Nakivubo unateremsha maji ya jiji kuelekea kinamasi na Ziwa Nalubaale. Kando ya reli, hasa katika sehemu iitwayo Soweto, nyumba zimebanana hata jirani husikia kikohozi cha jirani. Mwaka 2014 vibanda vingi vilivyoisogelea mno njia ya reli vilibomolewa, lakini watu hawakwisha. Wametoka pande zote za nchi na hata Kongo, na wengi wao wametoka kaskazini, wakiwemo Waacholi waliokuja kwa sababu ya vita au kwa kutafuta riziki.

Ukipita sokoni utaona mboga ya malakwang na odii, ule uji mzito wa ufuta na karanga, vikiuzwa kama vinavyouzwa Gulu au Kitgum. Chakula cha kwao, basi, kimefika Kampala. Swali letu ni hili: je, na mafunzo yamefika? Nasi tutalijibu swali hilo kwa kufuata njia moja tu, njia ya usasi, yaani uwindaji, kwa kuwa kwa mababu wa watu hao usasi ulikuwa shule kuliko ulivyokuwa jiko.

Msomaji asishangae kusikia habari za usasi katikati ya mji. Jina lenyewe la Kampala limetokana na mnyama. Kilima tukiitacho leo Old Kampala kilijulikana kwa Waganda kuwa ni Akasozi k'Empala, kilima cha swala waitwao mpala, na mapokeo yanasimulia kwamba palikuwa mahali pa Kabaka na wanyama hao. Waganda walikuwa na Ddungu, mzimu wa wasasi, na koo zao nyingi zina majina ya wanyama ambao mwana wa ukoo haruhusiwi kuwala. Kwa hiyo tunapouliza habari za msasi hapa Namuwongo, hatumwingizi mgeni. Tunamrudisha mwenyeji.

MWENYE PORI

Katika nchi ya Waacholi pori halikuwa mali ya kila mpita njia. Kila eneo la kuwindia lilikuwa na msimamizi wake, aitwaye won tim, maana yake mwenye pori. Cheo hicho kilirithiwa katika ukoo. Kazi kubwa ya mwenye pori ilikuwa kujua: ajue wanyama wamehamia wapi, maji yamesalia katika bwawa lipi, nyasi zimekauka kiasi gani. Yeye ndiye aliyeitaja siku ya kuwinda, na kabla hajaitaja, mtu aliyewasha moto porini alikuwa amekosa.

Kiangazi kilipopamba, kati ya mwezi wa Desemba na Machi, ulifika wakati wa usasi mkubwa uitwao arum. Watu wa koo mbalimbali walikutana, nyasi zikachomwa kwa mpango, na wasasi wakasimama na mikuki yao mahali walipopangiwa, wakiwangoja wanyama wanaoukimbia moto. Katika usasi wa namna nyingine zilitumika nyavu: kundi moja likapiga kelele na kuwaachilia mbwa, kundi lingine likanyamaza nyuma ya nyavu.

Askari anayesoma habari hizi hana haja ya kufasiriwa. Fikiri watu wengi wenye mikuki, moshi umefunika macho, na nyati anakuja mbio. Mmoja akiacha nafasi yake kwa tamaa au kwa hofu, mwenziwe wa kulia au wa kushoto ndiye atakayelipa. Mkuki uliorushwa na mtu asiyetazama kilicho nyuma ya mnyama huweza kuua binadamu. Kwa hiyo la kwanza kufunzwa kijana lilikuwa kusimama mahali pake. Kurusha kulikuja baadaye.

Mtoto hakupelekwa kwenye arum siku moja tu akaambiwa awinde. Alianza karibu na nyumba, pamoja na watoto wenziwe na mbwa, akiwasaka panya wa porini na ndezi. Huko alijifunza upepo unatoka wapi na kwa nini hapaswi kuupa mgongo anapomnyemelea mnyama. Alijifunza kuupambanua unyayo wa asubuhi na unyayo wa jana, majani yaliyovunjwa na yaliyoliwa, kinyesi kibichi na kikavu. Alijifunza kunyamaza muda mrefu, na jambo hilo, kila mwenye watoto anajua, ndilo gumu kuliko yote. Akishindwa, ndezi alikimbia na wenziwe wakamcheka, hakuna aliyeumia. Ndivyo jamii ilivyompa kijana nafasi ya kukosea katika jambo dogo, ili asije akakosea katika jambo kubwa.

Palikuwa pia na namna ya kujulishana. Msasi alikuwa na pembe ndogo iitwayo bila, na kwa mlio wake aliweza kutambuliwa hata kama haonekani, kama vile leo kituo cha redio kinavyotambuliwa kwa jina lake la mawasiliano. Na mkuki ulipompata mnyama, mwenye mkuki alipaza mwoc wake, yaani sifa fupi ya nafsi yake au ya ukoo wake. Mgeni angedhani ni majivuno. Lakini ndani ya moshi na vumbi, sauti hiyo ilikuwa ushahidi: kila aliyekuwapo alijua ni mkuki wa nani uliotangulia.

MKUKI WA KWANZA NA MKUKI WA PILI

Ushahidi huo ulihitajiwa kwa kuwa baada ya kuua kulikuja jambo linalovunja urafiki wa watu wengi, nalo ni kugawana. Waacholi walikuwa na kanuni. Aliyemchoma mnyama kwanza ndiye mwenye mnyama. Aliyemchoma wa pili alikuwa na fungu lake maalumu. Mwenye pori naye alipelekewa fungu la heshima, hata kama siku hiyo hakurusha mkuki wake. Nyama iliyofika nyumbani iligawanywa tena kwa wazee, kwa wakwe na kwa majirani. Pembe na mafuvu ya wanyama yaliwekwa kwenye abila, madhabahu ya mababu iliyokuwa uani, mahali ambapo mikuki ilibarikiwa kabla ya safari.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini. Kijana aliyerudi na swala begani alikuwa amefundishwa mambo manne ambayo hakuna aliyemwandikia ubaoni. La kwanza, kwamba silaha yake ina mipaka, na mipaka hiyo imewekwa na mtu mwingine asiye yeye. La pili, kwamba neno la shahidi lina nguvu kuliko misuli ya mwenye kudai. La tatu, kwamba alichokipata kwa nguvu zake si chake peke yake. La nne, kwamba yuko atakayeulizwa habari za pori kesho, wala hawezi kulimaliza leo.

Mwana wa Acholi aliyeingia katika jeshi la King's African Rifles zamani za Waingereza alikuta gwaride na amri kwa lugha ngeni. Hata hivyo alikuwa na akiba yake. Wakubwa wa kikoloni walisifu watu wa kaskazini kwa kusema kwamba wamezaliwa kuwa askari. Huo ulikuwa uvivu wa kufikiri, na umetuachia chuki nyingi katika nchi hii. Hakuna kabila linalozaliwa na utii. Utii hufunzwa, na mtu akitaka kujua ulifunzwa wapi, ni vema aanze na won tim.

MOTO WA JIONI

Nusu ya shule ilikuwa porini. Nusu ya pili ilikuwa nyumbani, kwenye moto wa jioni uitwao wang-oo. Baada ya kula, wazee, akina mama na watoto walikaa kuuzunguka moto uani. Hapo ndipo yaliposimuliwa yaliyotokea mchana: nani alisimama imara, nani alikimbia, nani alidai mkuki usio wake. Hapo vilevile ndipo zilipotolewa hadithi, ododo kwa lugha yao, za sungura mjanja, za fisi mlafi na za zimwi Obibi. Mtoto alicheka, kisha akalala, na asubuhi akaamka akijua kwamba ulafi wa fisi ni aibu, ingawa hakuna aliyemkemea.

Sisi tunaamini kwamba usasi usingeweza kuwa shule bila moto huo. Tendo bila masimulizi husahauliwa, na masimulizi bila tendo hugeuka porojo. Mchana kijana alifanya, jioni akaelezwa alichofanya. Majeshi ya leo nayo yana desturi ya kukaa baada ya operesheni na kuyapima makosa. Mababu walikuwa nayo pia, ila wao waliwaalika bibi na watoto wachanga wasikilize.

MAMBO YALIYOVUNJA DARASA

Darasa hilo halikuvunjwa kwa siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wa Kiingereza kuwahamisha watu kutoka sehemu za magharibi ya Acholi karibu na Mto Nile. Mapori waliyoyaacha yakawa ya wanyama, na baadaye ya serikali. Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls ilianzishwa mwaka 1952, na ile ya Kidepo mwaka 1962. Wanyama walipata ulinzi waliouhitaji, lakini mwenye pori aliamka akakuta pori lina mwenyewe mwingine.

Bunduki nayo ilikuwa imekwisha kufika. Ililetwa na biashara ya pembe za ndovu, na Waingereza walipotaka kuziandikisha na kuzikusanya bunduki hizo, watu wa Lamogi waliasi, wakajihifadhi katika milima ya Guruguru mwaka 1911 na 1912 mpaka wakashindwa. Bunduki ilibadilisha hesabu yote ya usasi. Mkuki ulimtaka mtu awe na wenziwe. Bunduki ilimruhusu aende peke yake. Na anayekwenda peke yake hana shahidi, hapigi mwoc, wala halazimiki kugawana.

Matunda ya mabadiliko hayo tuliyaona katika miaka ya 1970 na 1980. Nchi ilipovurugika, hasa wakati wa vita vya 1979 na miaka iliyofuata, watu wenye bunduki za rashasha waliingia mbugani na kuua bila kuhesabu, na kati yao walikuwamo waliovaa sare. Ndovu wa Uganda, waliokadiriwa kuwa kama 30,000 katika miaka ya 1960, walipungua hata wakabaki kama 2,000 katika miaka ya 1980. Vifaru walitoweka kabisa katika mapori yetu kufikia mwaka 1983. Mpaka hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, ilipoanza kuwarudisha mwaka 2005, mtoto wa Uganda hakuweza kumwona kifaru katika mapori ya nchi yake.

Hatuyasemi haya ili kuwafedhehesha askari wa leo, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Twayasema kwa sababu yana fundisho la moja kwa moja kwa kila mwenye silaha. Waliofyatua risasi zile hawakukosa shabaha wala ushujaa. Wengine walikuwa wajukuu wa wasasi hodari. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia: leo hapana, na mmoja atosha. Pori lilikosa mwenyewe, nayo silaha ikakosa mipaka.

Kisha vikaja vita vya kaskazini, vilivyoanza mwaka 1986 na kuendelea miaka ishirini. Kuanzia mwaka 1996 wananchi walitakiwa waingie kambini ili walindwe, na vita vilipofikia kilele chake watu waliotoka makwao kaskazini walikadiriwa kuwa 1,800,000. Kambini hapakuwa na pori la kwenda wala ua wa kukaa. Giza lilipoingia watu walitakiwa wawe ndani, na kuni zilipatikana kwa hatari ya maisha. Moto wa wang-oo ukazimika. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1996 alikuwa na umri wa miaka kumi pale mapigano yaliposimamishwa mwezi wa Agosti 2006. Alijua foleni ya chakula cha msaada kuliko alivyojua unyayo wa swala, na aliyemfundisha habari za silaha alikuwa vita vyenyewe. Watu wa kizazi hicho leo ni baba na mama. Baadhi yao wako Namuwongo.

KONSTEBO NA MTU WA MILA

Sasa tuje kwenye jambo linaloweza kumkuta askari wa polisi kazini. Tuseme konstebo amemkamata mtu mwenye nyama ya mnyama wa porini. Mtu yule, badala ya kukana, anasema kwa kiburi: hii ni mila yetu, babu zangu waliwinda. Konstebo, ambaye pengine babu yake pia aliwinda, atajibu nini?

Sheria iko wazi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1979. Baadaye Sheria ya Wanyamapori ya 1996, na ile iliyochukua mahali pake mwaka 2019, ziliuruhusu kwa leseni tu, na kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka mahakama yaweza kutoa kifungo cha maisha. Lakini konstebo hahitaji kitabu cha sheria peke yake. Na amwulize mtu yule maswali ambayo mzee wa zamani angemwuliza. Ni nani aliyeitaja siku ya kuwinda? Ni nani aliyeona mkuki wako ukitangulia? Fungu la mwenye pori umelipeleka wapi? Mtego wa waya unaotegwa siku hizi Murchison humnasa jike mwenye mimba na ndama anayenyonya, hukata mguu wa ndovu na mkonga wake, humnasa hata simba, na aliyeutega amelala nyumbani kwake. Mtu huyo amevunja sheria ya serikali, na kabla ya hapo alikwisha kuivunja sheria ya babu yake. Polisi anayemkamata, basi, si adui wa mila.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Katika wilaya ya Nwoya ndovu hutoka Murchison na kula mihogo na mahindi ya mkulima katika usiku mmoja. Ni kweli kwamba asilimia 20 ya fedha za viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa majirani wa hifadhi, na kwamba wako vijana wa vijiji, miongoni mwao waliokuwa majangili, ambao leo ni walinzi wa kijamii wanaowarudisha ndovu hifadhini. Ujuzi wao wa nyayo haukupotea bure. Lakini fedha haifundishi mtoto. Ndugu zetu Batwa wa kusini-magharibi, waliokuwa wakiishi kwa msitu na kwa usasi, walitolewa bila kulipwa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga, ambayo ilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2021, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba walikuwa wametendewa isivyo haki. Msitu ulilindwa, na ni vema ulindwe. Shule iliyokuwa ndani ya msitu haikutafutiwa jengo lingine.

KUTOKA KWA WAKREE

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko kaskazini ya Kanada wako wenyeji waitwao Wakree, wasasi wa mabata bukini, samaki, mbweha na kulungu wa theluji. Watoto wao walichukuliwa kwa miaka mingi na kupelekwa shule za bweni, ambako walikatazwa kusema lugha yao. Serikali ya jimbo la Québec ilipotangaza mwaka 1971 kwamba itajenga mabwawa makubwa ya umeme katika nchi yao ya James Bay, walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 ukatiwa sahihi mkataba. Katika matunda ya mkataba huo ulitokea mpango wa kumpa posho msasi anayekaa porini na jamaa yake, na halmashauri ya shule iliyo mikononi mwa Wakree wenyewe. Mabata bukini wanapopita wakati wa majira ya kuchipua, shule hufungwa ili watoto waende porini na wazazi wao.

Wakree nao wana mwenye pori wao, anayesimamia eneo la kuwindia la jamaa kadhaa. Katika usasi wa mabata yuko msimamizi wa kufyatua risasi, na askari watazipenda kanuni zake: watu hawafyatui baada ya jua kuzama, hawafyatui siku ambayo hewa imetulia na mlio unafika mbali, na sehemu iliyowindwa leo hupumzishwa. Mtoto anapoanza kutembea hufanyiwa sherehe ya kutoka nje ya hema kwa miguu yake mwenyewe: wa kiume akichukua bunduki ya kuchezea, wa kike akichukua shoka dogo na kuni. Hawa hawakungoja mtoto akue ndipo wamwambie yeye ni nani.

Kisa chao kimoja kinatuhusu sana. Karibu na mwaka 1910, bunduki za kurudia zilipokuwa ngeni, wasasi waliwashambulia kulungu wa theluji kwenye maporomoko ya mto mmoja, wakaua kuliko walivyoweza kubeba, mizoga ikachukuliwa na maji. Kulungu wakatoweka katika nchi hiyo kwa miongo mingi. Walirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika majira ya baridi ya 1983 na 1984 vijana wa Chisasibi, wenye bunduki na magari, waliwapiga ovyo na kuacha nyama ikiharibika. Mwaka uliofuata kulungu wakawa adimu. Ndipo mkutano ukaitwa, na wazee hawakuomba polisi wala faini. Walisimulia tu yale yaliyotokea zamani kwenye maporomoko. Majira ya baridi ya 1985 na 1986 vijana waliwinda kwa utaratibu, pasipo uharibifu. Masimulizi ya watu wazima yalifanya kazi ambayo doria isingeweza kuifanya.

Hatusemi kwamba Uganda iige kila kitu. Nchi yao ni kubwa na watu wao ni wachache. Yetu ina watu wengi, na wanyama wetu walinusurika kwa shida. Leo ndovu wetu wamezidi 7,000, na idadi hiyo imepatikana kwa jasho, na mara nyingine kwa damu, ya askari wa wanyamapori. Kuwafungulia watu mapori ili warudie arum kungekuwa kuiharibu kazi hiyo. Lakini Wakree wametuonyesha kwamba urithi una mahitaji matatu ambayo hayahitaji kuua mnyama: muda uliotengwa, mahali maalumu, na mzee anayeheshimiwa.

MOTO MDOGO KANDO YA RELI

Mahitaji hayo yanaweza kupatikana hata Namuwongo. Ua ni mdogo, lakini moto wa wang-oo haukuwa mkubwa. Mkaa wa sigiri watosha, ikiwa runinga itazimwa kwa saa moja na babu au bibi akaulizwa: ninyi mlisimamaje katika arum? Kijana hawezi kurusha mkuki kando ya reli, lakini anaweza kujifunza mwoc wa ukoo wake na mlio wa bila. Anaweza kwenda Gulu au Amuru wakati wa likizo na kuonyeshwa unyayo wa swala na mtu anayejua. Anaweza kugawiwa kipande cha nyama ya mbuzi na kuambiwa kwa nini fungu la kwanza si lake. Mzazi asidhani kwamba kufanya hivyo ni kurudi nyuma. Kijana asiyejua amri ya mwenye pori atapata amri kwa mwenye genge, na genge halina mipaka wala kugawana kwa haki. Polisi wanaokesha mitaani wanajua tunasema nini.

Kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi tuna neno la mwisho. Ninyi ndio mnaochukua silaha kwa niaba yetu sote. Wengine wenu mna watoto ambao hawajui hata neno moja la lugha ya babu yao, wanaokua katika makambi na mitaa kama Namuwongo, wakiitazama bunduki yenu kila jioni mnaporudi. Watajifunza kwenu habari za silaha, mpende msipende. Waambieni kwamba bunduki ina nguvu, nao watakuwa wamejua nusu. Waambieni pia habari za yule aliyeitaja siku, na yule aliyengoja katika moshi hata alipoambiwa.

Tazameni nembo ya Taifa letu. Katikati iko ngao, na nyuma yake mikuki miwili. Upande mmoja amesimama swala wa Uganda, upande wa pili korongo mwenye taji. Walioichora hawakumweka mnyama mbele ya ncha ya mkuki. Walimsimamisha kando, akiishika ngao pamoja nasi.